Kadi ya Ndani, Kisanduku cha Nje

Kuna wanawake wanaoletewa habari za waume zao na majirani. Mimi za kwangu aliniletea mume wangu mwenyewe, amekaa karakanani kwangu anamenya chungwa.

"Dada wa studio anasema tutafute kisanduku cha nje," alisema. "Anasema kadi za sauti za ndani zina kelele."

Nilikuwa nimeshika bisibisi. Mimi ni fundi wa kompyuta. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndiyo karakana yangu, na humo zimefufuka kompyuta ambazo wenyewe walikwisha kuzilia matanga. Halafu mwanamke nisiyemjua, amekaa kwenye kiyoyozi huko mjini, anamfundisha mume wangu kitu cha kuchomeka kwenye mashine niliyoiunga kwa mikono yangu.

"Huyo dada anasema," nikamwambia. "Na mkeo anasemaje?"

"Ndiyo nakuuliza, mke wangu."

Mume wangu ni mwalimu, na ana sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Watu wa kampuni moja ya vitabu vya kusikiliza walimsikia akiongoza mahafali ya shule, wakampa riwaya ya kujaribu. Asome sura tatu nyumbani, awapelekee. Zikitoka safi, kazi ni yake na atasomea hapa hapa. Zikiwa na kelele, itabidi akasomee kwao kila jioni akitoka shule, yeye ndani ya chumba kidogo na Dada wa studio upande wa pili wa kioo, amevaa hedifoni, anameza kila neno. Hapo ndipo roho yangu ilipokuwa inaniuma. Sikutaka aende, basi.

Ukweli wa kifundi ninaujua. Kadi ya ndani inachomekwa kwenye ubao mkuu, ndani ya boksi moja na feni na umeme na kila kinachovuma, na isipokingwa vizuri inaokota mivumo yote hiyo. Kisanduku cha nje kinakaa mezani, mbali na zogo, kinavuta waya mmoja tu wa USB. Wateja wangu wanaosikiliza muziki hununua kile kinachoitwa DAC. Mume wangu alihitaji cha aina hiyo lakini chenye tundu la maikrofoni. Mteja akiniuliza, namjibu bila kufikiri: wewe unarekodi, chukua cha nje. Lakini mteja hapigiwi simu na mwanamke wakati tunakula.

Tena kisanduku cha nje kina miguu. Kinaingia kwenye mkoba. Leo kiko mezani kwangu, kesho kimebebwa kwenda studio, na aliyekibeba kaenda nacho. Kadi ya ndani nikishaikaza kwa skrubu haitoki mpaka nitake mimi.

"Tunaweka ya ndani," nikasema. "Ninayo nzuri."

"Wewe ndiye fundi," akasema, akanipa kipande cha chungwa. Angebisha kidogo ningejisikia vizuri zaidi.

Tukasimamisha godoro ukutani kwenye chumba cha nyuma ili kuua mwangwi, nikafunga kadi yangu, akasoma. Mvumo ulikuwepo tangu dakika ya kwanza, mwembamba, kama mbu aliye chumba cha pili. Ukisogeza kipanya, unalia. Nikaihamisha kadi mbali na kadi ya picha, nikabadilisha pawasaplai inayoleta umeme, nikaizungushia karatasi ya foili ya jikoni. Mbu hakufa. Mganga hajigangi, lakini mimi nilikuwa najiganga nikiwa naijua dawa na nimekataa kuinywa.

"Mvumo bado unasikika?" mume wangu aliuliza.

"Sisikii kitu," nikasema. Akazituma sura zake tatu kwa sababu ananiamini.

Jibu lilikuja kwa simu, tukiwa mezani kama kawaida. Niliomba aweke spika, nami nisikie ya kifundi.

"Mwalimu, sauti yako tamu jamani," alisema yule dada. Hakuwa na haraka yoyote. "Ila kuna mvumo chini yake, hausafishiki. Usihangaike. Wewe njoo tu usomee huku kwetu."

Sauti yako tamu. Miaka yote tuliyolala kitanda kimoja sijawahi kumwambia neno hilo, kwa sababu nilidhani analijua. Moto ukaniwaka kifuani. Kisha nikaona kilichonipata: mimi mwenyewe, na kadi yangu na foili yangu, ndiye niliyekuwa namsindikiza kwake. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

"Dada," nikasema kwa sauti ili simu inisikie, "hapa anaongea mkewe. Atasomea nyumbani. Tuazime kisanduku chenu cha nje, arudie."

"Sawa shemeji," akasema. Shemeji, kwangu mimi.

Mume wangu alikileta kesho yake kwenye kifuko cha kitambaa kinachonukia marashi. Kifuko nilikifua siku hiyo hiyo. Kisha nikazifungua skrubu zangu, nikaitoa kadi yangu, nikachomeka kitu cha yule mwanamke. Nikarekodi chumba kikiwa kitupu, nikasikiliza. Hakukuwa na mbu wala kipanya. Nilitafuta kosa kwa bidii zote nilizo nazo, sikulipata. Mume wangu alikuwa anacheka kama mtoto aliyenunuliwa viatu.

Akaingia, akafunga mlango, akaanza kusoma. Nami nikasimama nje ya mlango, kama nilivyosimama kwenye kila sura. Riwaya yenyewe ni ya mapenzi. Yule kijana wa kitabuni anambembeleza msichana wake kwa sauti ambayo mimi niliisikia mara ya mwisho tukiwa wachumba, na kati ya mistari mume wangu alikuwa anatua kidogo. Sasa anatua kwa ajili ya nani? Anasoma, au ana simu sikioni? Nikasogea, nikaweka shavu na mkono wenye bangili kwenye mbao. Mtu analinda chake.

Alipomaliza aliniita kwa furaha. Tukakaa bega kwa bega, akaongeza sauti ya spika. Ilikuwa safi kweli. Kijana akambembeleza msichana, kikaja kile kituo kabla msichana hajajibu, na ndani ya kituo mtu akavuta pumzi.

Hakuwa yeye. Kisha bangili ikagonga mbao, mara mbili.

Mume wangu akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Hakuniangalia. Akafungua sura za zamani, zile zenye mvumo, akaongeza sauti mpaka mwisho. Sasa alijua anatafuta nini. Chini ya mbu, mbali sana, nilikuwemo. Sura zote tatu.

"Nikifika sehemu za mapenzi nilikuwa najihisi nimebanwa," alisema taratibu. "Nikadhani ni kitabu."

"Nilikuwa napita tu."

"Mke wangu, ungebisha hodi ningekufungulia. Ningekuwekea kiti, ungekaa humo ndani unisikilize."

Hilo la kiti halikuwahi kunijia akilini, na liliniuma kuliko kama angenigombeza.

"Nitawaambia nasomea kwao," akasema.

"Lakini hapa sasa ni safi. Umesikia mwenyewe, mvumo umekwisha."

"Umekwisha, ndiyo," akasema. Akachomoa waya, akauzungusha vizuri, akakitia kisanduku kwenye kile kifuko nilichokifua. "Siwezi kusoma vile nikijua uko mlangoni. Na nikifunga mlango huu sasa, nitajua uko."

Nilitaka kumwambia sitasimama tena. Nilitaka hata kumwambia ana sauti tamu, maana ilikuwa tamu, hata nikiwa nje ya mlango ilikuwa tamu. Lakini ulimi hauna mfupa.

"Hicho chumba chao cha kusomea," nikauliza, "mlango wake unafungwa kwa ndani?"

Akakichukua kile kifuko, akaenda kupiga pasi shati la kesho.