Uzi wa Njano

Mama mwenzangu mwenye mtoto chuo, soma haya kabla hajarudi likizo. Mimi shule niliishia ya msingi, kwa hiyo usitegemee maneno makubwa. Maneno makubwa alikuja nayo binti yangu. Yalikuwa ya kweli, hilo silikatai, na bado yalimtoa mtu kazini.

Nashona kwenye kiwanda cha mashati. Safu yetu ni ya kola tu. Mikono ina watu wake, vifungo vina watu wake, na mwaka unaweza kuisha hujashika shati lililokamilika. Ukimaliza kola za kutosha kifurushi unazifunga kwa uzi wa rangi yako na kutumbukiza kwenye sanduku la katikati. Jioni meneja anapita, anahesabu vifurushi kwa rangi, anajua nani kafikia lengo na nani kalala. Uzi wangu ni wa bluu. Wa njano ulikuwa wa Bibi Kola.

Bibi Kola ndiye aliyetufundisha kazi sisi sote. Kola ina ncha mbili, na ncha ndizo zinazomuumbua mshonaji, moja ikienda kulia na nyingine ikienda kusalimia majirani. Yeye alikuwa akizigeuza kwa kidole gumba, zinatoka kali kama zimechongwa. Kila asubuhi, kabla umeme wa mashine haujawashwa, tulikuwa tunasimama wote kuzunguka cherehani chake, kila mmoja anaweka kidole kwenye kitambaa cha kola ya kwanza, naye anatuombea. Wengine wa msikitini, wengine wa kanisani, mmoja hata sijui ni wa wapi, sote tunasema amina. Kisha yeye anaishona ile kola, sisi tukimwangalia, ndipo kazi inaanza. Aliyechelewa kuweka kidole siku nzima anajiona kama katoka nyumbani bila viatu.

Macho yake yakaanza ukungu. Hakumwambia mtu. Tuliona tu anavyopapasa tundu la sindano, anavyoinamia kitambaa mpaka pua inakaribia kushonwa. Na sheria ya pale ni moja: usipofikia lengo mwezi mzima, nafasi yako ina mtu mlangoni.

Bibi Kola hakuwa na mtoto, hakuwa na ndugu. Alikuwa na chumba kimoja, kitanda, na sisi. Alipenda kusema huku akicheka, "Mimi siku nikifa, nyie ndio mtajua. Mtaona kiti kitupu. Jirani zangu watajua kwa harufu."

Sasa jioni moja mwenzetu mmoja, tunamwita Redio kwa sababu hazimiki, alifunga kifurushi chake kimoja kwa uzi wa njano. Alikifunga kimyakimya, na kwa Redio hilo peke yake ni habari. Kesho yake nikafunga na mimi. Haikuchukua muda, kila droo ya safu ile ikawa na kigurudumu kidogo cha uzi wa njano. Hatukukaa kikao, hatukuambizana. Bibi Kola naye hakuambiwa, na hakuuliza mbona anashona haraka kuliko alivyokuwa kijana.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunaishi binti yangu alipokuja likizo.

Anasomea jamii. Siku ya kwanza aliponieleza nilimuuliza, "Jamii nayo inasomewa? Si tunaishi tu?"

"Ndiyo hapo sasa, mama. Tunaishi bila kujua kinachotuendesha."

Akaanza kunisimulia wazee wake watatu, watu wa zamani sana, wa mbali, waliokaa wakafikiria jinsi watu wanavyoishi pamoja. Majina yao yalinishinda kutamka, nikawapa ya kwangu. Wa kwanza nilimwita Mzee Ndevu. Huyo anasema ukitaka kuielewa nchi yoyote angalia nani anashika mashine na nani anashika jasho, na kwamba mtu anayeshona kola maisha yake yote bila kuliona shati anakuwa mgeni kwa kazi ya mikono yake mwenyewe. Hilo lilinigusa. Wa pili nilimwita Mzee Kamba, kwa sababu habari zake zote zilikuwa za kinachowafunga watu wasitawanyike. Wa tatu Mzee Faili. Huyo anasema zamani watu walifanya kazi kwa bidii kama ibada, ibada ikaisha, bidii ikabaki, na juu yake zikajengwa ofisi na kanuni, mpaka mwenye kanuni na anayetawaliwa wote wako ndani ya kizimba kimoja.

Redio alipowasikia alinicheka. "Shoga, binti yako ana wachumba watatu na wote marehemu!"

Tukamwita Profesa. Alipata kibarua cha likizo palepale kiwandani, kukunja mashati na kuyatia mifuko. Alikaa upande wa pili wa ukumbi, ila macho yake yalikuwa kwetu. Jioni moja tunamenya viazi akaniambia, "Mama, ile sala yenu ya asubuhi. Mzee Kamba angesema mnachokiabudu pale ni nyinyi wenyewe. Ule umoja wenu."

Nilimwakia. "Tunamwabudu Mungu, mwanangu. Usinitie laana jikoni kwangu."

"Sijasema vibaya, mama. Nasema mnapoweka vidole pamoja kuna kitu kinaingia ambacho mmoja peke yake hana. Ndicho kinachowafanya mfunge vifurushi kwa uzi wa njano."

Kisu kikanisimama mkononi. "Nani kakuambia habari za uzi?"

"Nimeona mwenyewe. Nimeshangaa, mama. Mitihani yote niliyofanya sijawahi kuona jambo zuri kama lile."

"Ulichokiona hakisemwi. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Na alisikia, simsingizii. Nadhani alielewa nimemkataza kwenda kutuchongea. Kuchongea hakukuwa tabia yake tangu utotoni. Kusifu ndiko ambako hakuna aliyewahi kumkataza.

Wiki ile akaja mkaguzi kutoka makao makuu, suti ya kijivu, saa kubwa. Tukakusanywa ukumbini mashine zikiwa zimezimwa. Alitangaza kwamba sasa litawekwa bango ukutani, kila mshonaji na kiwango chake, wa juu atapewa zawadi, wa chini ataonekana na kila mtu. Meneja wetu alisimama pembeni anatazama viatu vyake. Mkaguzi akauliza kama kuna swali. Nani aulize? Sote tulikuwa tunamtazama Bibi Kola bila kugeuza shingo.

Profesa akanyanyua mkono.

Redio alininong'oneza, "Mkalishe chini huyo." Nilimvuta sketi kwa nyuma. Alikuwa ameshasimama.

"Shikamoo, mkaguzi," alianza kwa adabu zote, na sauti haikutetemeka. "Naomba kusema bango hili litaharibu. Hapa hakuna kola ya mtu mmoja. Wapo waliofikiria mambo haya zamani wakaona kwamba kazi inafanywa na watu kwa pamoja, na kinachowaweka pamoja ndicho kinachofanya hata wewe upate mashati yako. Ukiwashindanisha mmoja mmoja unakata kamba yenyewe."

Watu wakaguna kwa kukubali. Na mimi, sitakuficha, nilijisikia mwanangu ana kichwa.

Mkaguzi akatabasamu. "Maneno ya darasani hayo, binti. Ushahidi uko wapi?"

Laiti angejibu sijui. Lakini mtoto aliyesomeshwa ukimuuliza ushahidi ni kama umempa maji ana kiu.

"Ushahidi uko hapahapa. Fungua droo za kina mama hawa, kila moja utakuta uzi wa njano, na njano ni rangi ya mtu mmoja tu. Mwenzao macho yamechoka, wanamshonea. Hakuna aliyewalipa wala kuwaamuru. Kanuni gani yako ingeweza kufanya hivyo?"

Profesa akatugeukia akitabasamu, nadhani alitegemea makofi. Alipoona nyuso zetu tabasamu likamtoka taratibu.

"Njano ni ya nani?" mkaguzi akauliza.

Redio mzima alikuwa ameinama. Ndipo kiti kikaburutwa, Bibi Kola akasimama, akanyoosha overoli yake. "Ni yangu, mwanangu. Usiwasumbue."

Walimkalisha kwenye cherehani chake mbele yetu sote, wakamwambia ashone kola moja. Akatunga uzi mara ya kwanza, ukapita pembeni. Mara ya pili pia. Akacheka, akasema, "Uzi mweupe, kitambaa cheupe, mmenitegea." Hakuna aliyecheka naye. Mwisho alishona kwa kupapasa, ncha moja ikatoka kali kama zamani, ya pili ikapinda. Aliipapasa kwa kidole gumba akaijua kabla hatujasema. Akavua overoli, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti.

Nilimshika Profesa mkono tukaenda ofisini kwa meneja. Nilipiga magoti, naandika bila aibu. Nikamwambia mtoto hajui asemalo, ni vitabu tu. Meneja alifunga mlango.

"Inuka, mama. Mimi nilikuwa najua."

"Ulijua?"

"Nani anatoa uzi stoo? Ni mimi. Uzi wa njano ulikuwa unaisha kabla ya rangi nyingine zote. Mtu mmoja anafunga vifurushi gani vya kumaliza uzi hivyo? Nikawa nasaini, nafumba macho. Kujua kwangu kulikuwa kwangu. Sasa limesemwa mbele ya mkaguzi, limeandikwa, lina kanuni yake. Nisipomtoa yeye, natoka mimi, na atakayekuja atamtoa vilevile."

Hakuwa mtu mbaya. Ndilo linaloniuma. Angekuwa mbaya ningekuwa na mtu wa kumlaani.

Tulipofika nyumbani Profesa alikaa kwenye ngazi, viatu miguuni, mkoba begani.

"Mama, ni Mzee Faili," akasema. "Alishayaandika yote haya. Kwamba kanuni ikishaguswa haina uso, hata anayeishika haimsikilizi. Kwenye mtihani wake nilipata alama ya juu kuliko darasa zima."

Nilimvua mkoba begani kama alipokuwa mdogo.

Baadaye bango likawekwa. Vyerehani vikageuzwa vitazame upande mmoja, kila mtu na sanduku lake, ukitaka kumwona mwenzako uso unageuza kiti. Tuliapa kumtembelea Bibi Kola kila siku kwa zamu. Mwanzo tulikwenda, Redio akabeba mpaka sufuria. Lakini bango lile lina ulimi wake. Unatoka jioni mgongo umekatika, unajiambia kesho, na mwenzako naye anajiambia kesho, na kwa kuwa hamtazamani tena huwezi kujua kwamba nyote mmesema kesho.

Aliyeendelea ni binti yangu. Kila Jumamosi alikwenda, akamtungia sindano nyingi na kuzichomeka kwenye mto, ili Bibi apate za kushonea nguo za majirani wiki nzima. Siku ya kwanza alilia, akaomba radhi. Bibi Kola alimwambia, "Ulisema kweli tupu, mjukuu wangu. Tena ulisema vizuri, mimi mwenyewe nilikuwa sijui napendwa hivyo. Basi tu hukuangalia uko wapi." Kisha akamuuliza wale wazee watatu kama wameoa.

Jumamosi moja Profesa alibisha, hakuitikiwa. Akasukuma mlango. Bibi Kola alikuwa sakafuni kati ya kitanda na ukuta, nyonga imevunjika, midomo imekauka. Alikuwa ameanguka Jumatano. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, kiti chake kiwandani kilikuwa na mtu mwingine, kwa hiyo hakuna aliyeona kiti kitupu.

Hospitali walimrudishia uhai, ila kutembea hawakuweza kumrudishia. Yuko kwangu sasa, kwenye chumba cha binti yangu. Profesa amerudi chuo. Anaandika, anafaulu, ila akija nyumbani hasimulii tena wazee. Siku nyingine namchokoza, namuuliza hali ya wachumba zake marehemu, anacheka kidogo tu na kuanza kuosha vyombo. Natamani hata anikasirishe jikoni kama zamani.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, sikuambii umtoe mtoto chuo. Mzee Ndevu alijua, Mzee Kamba alijua, hata yule wa mafaili. Nakuambia kaa naye mapema. Usimwambie tu "hakisemwi" kisha ukaendelea kumenya viazi. Mwambie kwa nini. Mwambie wanyonge wana vitu vinavyowashika ambavyo vinaishi gizani, na mwenye taa, hata kama nia yake ni kuvionyesha vilivyo vizuri, aangalie kwanza nani mwingine yumo chumbani. Mimi nilidhani ana akili, ataelewa mwenyewe.

Jioni nikirudi, Bibi Kola anajua kwa hatua zangu. Ananiita, ananishika mkono, anapapasa ncha za vidole vyangu kusikia kama nimejichoma. Kisha anauliza swali lake, lilelile kila siku: "Leo nani kaishona ya kwanza?"

Namwambia tumekuachia, bibi, tunakungoja upone. Anatikisa kichwa, anaridhika.

Ukweli ni kwamba hakuna ya kwanza siku hizi. Umeme unawashwa, kila mtu anaanza yake.