Kipande cha Tatu cha Sindano

Mimi ni mkali, na sijawahi kukataa. Miaka kumi na tisa nashona magauni, na wateja wanauvumilia mdomo wangu kwa sababu nguo yangu hairudi. Siku hiyo nilikuwa na gauni la harusi la binti wa marehemu kaka yangu. Ilikuwa saa tisa kasoro robo mchana, na saa kumi alitakiwa awe ameshaingia garini. Kilichobaki ni kufunga bitana kiunoni tu.

"Wifi, punguza mwendo," mama yake akaniambia. Tuko naye dukani siku zote. Yeye ni wa vifungo na pindo; satini kwenye cherehani simruhusu.

"Wewe kata nyuzi, cherehani niachie mwenyewe," nikamjibu. Hata sijamaliza kusema, sindano ikazama kwenye kidole changu cha shahada, mkono wa kushoto. Ka! Ikavunjika.

Nilikichomoa kidole, damu ikaja juu. Chini yake satini nyeupe pe. Jamani, moyo ulinipasuka! Kidole sikukiwaza hata kidogo, niliiwaza nguo. Nikaruka nyuma, nikafuta damu kwa kipande cha kitambaa, nikanyakua kopo la plasta ya kupuliza rafuni, nikapuliza mara tatu. Ile dawa inanuka kama rangi ya kucha na inachoma kama pilipili, lakini ikikauka inaacha utando mwembamba kama ngozi, na damu haitoki tena.

Kopo hilo alituletea bi harusi mwenyewe. Yeye ni nesi. Alisema ni la mikwaruzo ya mkasi na ngozi inayopasuka kwa chaki: osha, kausha, ndipo upulize. Tundu lililoingia ndani usilifunike, uje zahanati. Nilimwitikia "sawa, sawa" huku napima kitambaa cha mtu.

Dukani kwangu kuna sheria moja, na niliiweka mwenyewe. Sindano ikivunjika, kazi inasimama. Vipande vinatafutwa na kubandikwa daftarini kwa selotepu, kimoja chini ya kingine, mpaka sindano itimie. Kabla ya hapo nguo haiguswi. Nimewahi kumfukuza fundi mzuri kabisa kwa kupuuza jambo hilo.

Kipande cha juu nikakibandika. Cha kati nikakiokota juu ya bamba la cherehani. Ncha sikuiona.

"Wifi, ncha iko wapi?"

"Imeanguka chini."

"Umeiona ikianguka?"

"Nimeshasema imeanguka! Unataka mwanao atoke na sketi ya ndani?"

Alipiga magoti na sumaku, akapita chini ya meza yote. Akapata pini nne na ndoano ya zipu. Kwenye gauni sumaku isingetusaidia, maana kiuno kina vyuma vya kukisimamisha. Ilibidi kufumua bitana na kupapasa, na hiyo ni nusu saa nzima. Nusu saa hiyo sikuwa nayo. Nikatia sindano mpya, nikashona mpaka mwisho. Wifi alinitazama, akaenda kufungua mlango.

Bi harusi akaingia anacheka, hana hili wala lile. Tukamvalisha. Nilipovuta zipu kidole kilinichoma mpaka begani. Nikasema moyoni, dawa hiyo, inachoma tu. Gauni lilimkaa, we! Mama yake akajifuta machozi kwa kiganja. Nami badala ya kufurahi nilikuwa nakitazama kile kiuno. Anapumua, mshono unapanda. Anageuka, mshono unajikunja. Hapo ndani, pengine, ncha imelala na kuangalia ubavu wa mtoto wa kaka yangu.

"Shangazi," akasema, "kuna kitu kinanigusa hapa." Akashika kiuno upande wa kushoto.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Ni bitana mpya hiyo. Italegea."

"Haya," akasema. Aliniamini papo hapo. Akavuta kiti akae avae viatu.

"Usikae!" Sauti niliyoitoa hata mimi ilinishtua. "Usiiname! Vua!"

"Shangazi, nini tena?"

"Vua, nimesema! Kuna ncha ya sindano humo!"

Ilikuwa saa tisa na robo. Nilichukua kifumulio, nikafumua mshono wote, satini ikalia kila uzi ulipokatika. Nikapapasa, wifi akapapasa. Upande wa kushoto tulikuta fundo gumu la uzi. Basi. Ncha haikuwamo. Nilirudia tena na tena kama niliyepagawa, mpaka bi harusi akanikamata mkono anizuie.

Nikapiga ukunga.

Aliugeuza mkono kwenye mwanga wa dirisha. Chini ya ule utando palikuwa na kitone cheusi, na kidole chote kilikuwa kimevimba. "Umepulizia juu ya tundu," akasema taratibu, kama anavyoongea na wagonjwa. Akabandua utando, akakamua, akatoa kibano kwenye mkoba wake wa kazi, asiouacha hata siku ya harusi, akakipaka spiriti, akakiingiza kwenye tundu. Nilijikaza kisabuni, wapi! Machozi yalinitoka. Ncha ikatoka. Akaibandika mwenyewe chini ya vile vipande viwili daftarini, na sindano ikatimia.

"Leo hii hii ukachomwe sindano ya pepopunda," akasema. Halafu akaketi, akiwa na sketi yake ya ndani, akanitazama. "Ilivunjika saa ngapi?"

"Saa tisa kasoro robo."

"Na nilipokwambia kitu kinanigusa, ulikuwa unajua?"

Ningeweza kudanganya. "Nilikuwa najua," nikasema.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Mama yake alikuwa ameshakaa kwenye cherehani bila kuniomba ruhusa, anafunga bitana ya satini, mshono umenyooka kama wangu. Nami nimesimama na kidole hewani.

Saa kumi kasoro dakika tano gauni likawa tayari. Nilinyoosha mikono nimvalishe bi harusi. Alilipokea yeye, akaligeuza ndani nje, akapitisha kiganja polepole kwenye kila mshono, kiunoni, ubavuni, mabegani. Ncha alikuwa ameitoa yeye mwenyewe. Aliiona, aliishika. Lakini akapapasa mpaka mwisho, kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, na wewe hebu nipapasie," akasema.