Mtamba wa Klabu ya Mwakitolyo

Vijana wa klabu ya mpira ya Mwakitolyo walipomchagua Baba Esta awe mtunza hazina, walisahau kwamba wanampa fedha Msukuma wa kweli. Kwake, na alizoea kusema hivyo, noti ilikuwa chakula cha mchwa. Basi michango yao, jasho la pamba na la kupalilia mashamba ya watu, akanunulia mtamba, akamweka zizini kando ya ng'ombe wake pekee wa maziwa, akalala fofofo.

Mpira ukapasuka, na Jumapili wanacheza na Bulyanhulu. Nahodha Athanas akaja na wenzake.

"Shikamoo, Baba Esta. Tunataka fedha ya mpira."

"Marahaba. Fedha ile pale, inacheua."

Hakuna aliyecheka.

"Tukapige teke ng'ombe, baba?" Athanas akauliza. "Keshokutwa tunampeleka mnadani."

"Ana mimba, mwanangu. Subirini azae."

"Tulikuamini."

Neno hilo lilimchoma. Baba Esta hakujaliwa mtoto wa kiume, na vijana hawa, pamoja na makelele yao, aliwapenda. Kuchekwa angevumilia. Kuonekana mwizi machoni mwao, hapana.

Siku ya mnada, kabla vijana hawajafika, akamtoa zizini ng'ombe wake mwenyewe wa maziwa, akauzwe badala ya mtamba. Mkewe, Philomena, alisimama na kibuyu kitupu mkononi.

"Na uji wa Esta tutautia nini?"

"Maji, kwa sasa."

Philomena akakiweka kibuyu chini. "Ukipenda watoto wa watu, walee," akasema, akamfungulia lango.

Vijana wakapata mpira wao mpya kutoka dukani Shinyanga. Walifungwa na Bulyanhulu, lakini hayo yalikuwa ya miguu yao wenyewe, hazina haikuhusika. Athanas alikwisha kuona zizi limebaki na mtamba tu, akajua mpira umenunuliwa kwa ng'ombe wa nani.

Mtamba alipozaa ndama jike, klabu nzima ilikuja.

"Tumekaa kikao," Athanas alisema, macho chini. "Hakuna anayemlinda ng'ombe wa wenzake bure. Ndama akishiba, maziwa yanayobaki ni ya Esta."

Baba Esta akakohoa. "Basi ndama akikua mmwuze, mnunue jezi."

"Ndama jike haguswi," Athanas akasema kwa ukali wa mzee mwenye mji wake. "Noti huliwa na mchwa, baba."

Baba Esta akaigeukia kamba ya ng'ombe, akaifungua, akaifunga tena palepale, wasimwone akilia.