Kiungo cha Kipande cha Tatu na cha Nne

...na video bado inaruka, palepale, Baba anasema "Nakuoza binti yangu" halafu tk! watu wanacheka, jina limemezwa, mara tatu sasa, na mstari wa kijani unajikokota, asilimia sitini na tatu, sitini na nne, Rini hana hamu hata ya kuutazama, kamera gani hii inayokata harusi vipandevipande kama tempe, ile soya ya kugandishwa, faili ikijaa inaanza nyingine bila kujali nani yuko katikati ya neno, na programu ya kuhariri nayo ina maringo, haisomi faili za kamera mpaka zigeuzwe muundo, akageuza moja moja, akaunganisha, kila kiungo kikapoteza nusu sekunde, nusu sekunde si kitu, lakini ni ya Baba, na Baba kesho anatimiza siku mia kaburini... "Dada, si ukate tu hapo!" Palupi huyo, mdogo wake, yuko sebuleni anakunja maboksi ya chakula cha hitima, "Alirudia, chukua ile ya pili, safi kabisa!"... ukate, ukate, tangu asubuhi wimbo ni huo, sauti ya Baba imebaki dakika sita tu duniani na huyu anataka ikatwe, hivi ana moyo kweli? sitini na nane... na ni yeye aliyekuwa na haraka ya kuolewa, miaka ishirini na mitatu, akaja na kompyuta hii hii imefungwa riboni, zawadi ya kumruka dada, maana mdogo haolewi mbele ya mkubwa mpaka aombe ruhusa na alete kitu, na Rini akasema mbele ya watu wote "Nimekuruhusu," akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma, kisha siku ya akdi akajichimbia jikoni na masufuria ya fenesi, kamera akaiacha imesimama peke yake juu ya miguu yake mitatu, afadhali moshi kuliko mashangazi na "zamu yako lini, Rini?", na akiwa huko ndipo aliposikia ukumbi mzima unaangua kicheko, akajua, ndiyo, ni mimi huyo, niliyerukwa, na hakuna aliyemwambia walicheka nini, wala hakuuliza, mwaka mzima hakuuliza, na Baba siku ile hakuja jikoni hata mara moja, sabini na tisa... safari hii ameunganisha kwanza, faili zikiwa vilevile zilivyotoka kwenye kamera, mkia kwa kichwa, ndipo akageuza kitu kizima, mjinga ni yeye, ilitakiwa iwe hivyo tangu mwanzo... "Dada, unanisikia? Achana na hiyo ya kwanza!" "Nasikia, bibi wee, mimi si kiziwi!"... mbona ana wasiwasi hivyo, tisini na nane, mia. Haya. Hedifoni. Baba huyo, kofia nyeusi imekaa upande, mkono wa bwana harusi umo ndani ya wake, anakohoa, "Nakuoza binti yangu," na hairuki, jamani, hairuki, "binti yangu Kuswarini"... Kuswarini? lakini hilo ni jina lake yeye, Rini, jina zima la cheti, kicheko kinalipuka, kadhi anasema, "Mzee, huyo bado yuko jikoni, anayeolewa ni Palupi!" na Baba anacheka, anafuta macho, anageuka kuutazama mlango wa jikoni, anautazama, anautazama, mpaka kadhi anamgusa bega... Baba wee, kumbe ulinitafuta... Rini analia waziwazi sasa, hajali, anarudisha nyuma asikie tena, na safari hii jicho linateleza mpaka pembeni, Palupi, bibi harusi, maua ya asmini kichwani, wote wanacheka yeye hacheki, ameinamisha uso, siku yake moja tu, na jina lililotoka kwanza si lake, naye akanyamaza mwaka mzima... kumbe naye alirukwa... "Dada? Umekata?" na maboksi bado yanakunjwa, kwa, kwa, kwa, na kidole cha Rini kiko juu ya kitufe cha kukata, hakishuki, hakiondoki, "Njoo," anasema, "njoo uniambie wewe."