Kitanzi cha Waya cha Orrin

Mimi sipendi kuambiwa, na mji wetu mzima hapa Ohio unalijua hilo. Orrin Stroud alipokufa, mkewe Maribeth alitandaza vitu vya marehemu kwenye nyasi mbele ya nyumba ili watu wanunue, kama tufanyavyo sote, nami nikaenda moja kwa moja kwenye vifaa vyake vya kuchongea maboga ya Halowini, ule usiku wa mizimu tunapoweka maboga yenye nyuso barazani. Orrin hakuwa wa kutoboa macho ya pembetatu kama watoto. Alikuwa akikwangua nyama ya boga mpaka uso wa mtu unatokeza, na mashavu yake na mikunjo yake.

Nilitaka sura ya mume wangu, Wendell. Alikuwa amelazwa kwa ugonjwa wa moyo, Jumamosi angeruhusiwa, nami nilitaka ajikute barazani akijingoja. Boga nilishalipata, zito, la ukuta mnene.

Maribeth alinipa visu, patasi ndogo, na kitanzi cha waya cha kukwangulia, chenye mpini wa mti uliolika kwa kidole gumba. Kisha akakivuta tena kile kitanzi. Akaniambia Orrin alikitumia kwa waliokufa tu. Aliye hai alimchonga kwa kisu cha kumenyea viazi, hata kama kazi ingemchukua siku mbili.

"Chukua kisu, shoga yangu," alisema. "Hicho kingine kina kumbukumbu."

Nikamwambia chuma hakikumbuki kitu, ni msiba tu uliomchosha akili. Nina mdomo mbaya, Mungu anisamehe. Nikavichukua vyote viwili.

Kisu kilinishinda kwenye kope. Kilikuwa kinamega vipande, nami sikutaka kumharibu mume wangu, basi nikashika kitanzi. Kilikwenda chenyewe. Nyama ilitoka nyuzi nyuzi, ikabaki pua ya Wendell, kidevu cha Wendell. Macho nilimchonga wazi. Nilipofuta maji kwa sifongo na kurudi nyuma nitazame, yalikuwa yamefumba.

Jumamosi Wendell akarudi mzima, anadai pai. Lakini boga lililochongwa halimalizi wiki mbili, na hilo nalijua kuliko mtu yeyote. Nikaingiwa na hofu: sura ile ikioza, yeye je? Nikatoa mayai na nyama kwenye friji, nikaliweka boga humo, limenyunyiziwa maji ya ndimu na kufungwa nailoni. Yeye akanicheka, akasema sasa nina waume wawili, na mmoja angalau hanikoromei.

Siku ya tisa, tukiwa tunakunywa kahawa ya asubuhi, alisema pembe ya mdomo inamfa ganzi, kahawa inamdondoka. Nikafungua friji. Pembe ya mdomo wa boga, upande uleule, ilikuwa imeota ukungu mweusi.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila guu lililokuwa linavunjika halikuwa langu.

Kwenye droo vilikuwemo vyote viwili. Nikakiacha kitanzi, nikachukua kisu cha viazi, nikaanza kuukwangua ule ukungu. Wendell alikuwa mezani, hatua sita nyuma yangu, nami nimempa mgongo.

"Polepole, mke wangu," akasema. "Vidole vyako vina baridi."