Sigara Isiyokwisha

Dereva wa kreni pale kwenye ujenzi aliitwa Kipanga, kwa kuwa alishinda juu na macho yake yalishinda chini. Mtoa ishara wake, yule anayesimama karibu na mzigo na redio mkononi akisema pandisha, zungusha, shusha, alikuwa mume wa dada yake. Wawili hao waliitana shemeji, na kwa kuwa ndilo neno lililosikika redioni kutwa nzima, kila mtu akalidaka. Hata msimamizi wa ujenzi, ambaye hakuoa wala kuozesha kwao, alimwita mtoa ishara Shemeji.

Kipanga alianza kuvuta sigara ndevu hazijamwota. Kifua cha binti yake wa mwisho kilipoanza kubana kila jioni, mkewe hakupiga kelele. Alikwenda dukani, akanunua sigara ya umeme, akaiweka mezani kando ya sahani ya mumewe. Muuzaji alikuwa ameuliza kama huyo mzee ni mvutaji sugu, naye mke, asiyejua kusema uongo, akajibu kwamba ni sugu kupita sugu. Basi akapewa chupa ya maji ya nikotini ya kutia ndani yake, makali kuliko yote yaliyokuwepo. Shemeji alipoiona sigara yenyewe, namna mtu anavyoikamata na kuipeleka mdomoni, akaibandika jina la Filimbi.

Tumpe mtu haki yake: Kipanga hakugusa tena sigara, hata ya kuonja. Mkewe alifurahi mno. Aliwasimulia majirani, akamsimulia wifi yake, akasema mume wake ametupa sigara kama mtu anavyotupa soli iliyotoboka. Kipanga akavikwa sifa mpaka akaona aibu kuzivua.

Kulikuwa na badiliko jingine ambalo hakuna aliyeliona. Ndani ya kibanda cha kreni sigara zilipigwa marufuku. Zamani alipotaka kuvuta, ilimbidi ateremke ngazi yote ile hadi nyuma ya stoo ya saruji. Shemeji hakuwa mvutaji, lakini alikwenda kukaa naye. Walipiga soga, wakawasema wake zao kidogo na msimamizi sana, sigara ikaisha, Kipanga akapanda tena. Sasa Filimbi haikuwa na moto wala majivu, na hakuna aliyekuwa ameikataza kwa jina. Ya nini kushuka? Akawa anapanda asubuhi na chupa ya kahawa, hashuki mpaka jioni. Wakifunga minyororo, anavuta. Wakisubiri zege, anavuta. Msimamizi akamsifu kwa kutopoteza muda.

Ndipo mwili ukaanza vituko. Siku moja, akiwa ametulia tu, moyo ulianza kumwenda mbio kana kwamba amefukuzwa. Vidole vikafa ganzi, jasho jembamba likamtoka, na pumzi ikawa haifiki mahali pake. Akawa na yakini kwamba anakufa, pale pale kitini, peke yake. Baada ya muda ikapita, na yeye akabaki anatazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

Kipanga alilitafsiri jambo hilo kwa namna yake. Aliona ni mwili unalilia sigara, kwa hiyo dawa ni kuutuliza kwa Filimbi. Ukija mshtuko, anavuta. Ukipita, anavuta ili usirudi. Usingizi ulipomkimbia nyumbani, aliongeza kahawa kazini. Kila alivyojitibu ndivyo alivyozidi kuumwa, na kila alivyozidi kuumwa ndivyo alivyozidi kujitibu. Ukaidi wa aina hiyo hauhitaji shule.

Alikwenda kwa daktari kimyakimya. Moyo ukapimwa, ukaonekana mzima.

"Unavuta sigara?" daktari akauliza.

"Nimeacha, daktari," Kipanga akajibu, na kifua kikamtuna.

Daktari akampongeza, akamwambia apumzike. Filimbi ilikuwa mfukoni mwake wakati huo huo, lakini haikumpitia kichwani kuitaja, maana kwake ile ilikuwa dawa, na dawa si kuvuta. Akatoka pale ameshika jambo moja tu: kama vipimo havioni kitu, basi ni ugonjwa wa kutisha zaidi. Hakumwambia mtu. Dereva wa kreni akisema anasikia kizunguzungu, anateremshwa, na waliowahi kuteremshwa hivyo yeye hakuona hata mmoja akirudi juu. Tena nyumbani mkewe alikuwa bado anatangaza. Kwa hiyo akajikaza kiume, kila siku akapandisha vyuma na zege juu ya vichwa vya watu, roho mkononi.

Siku ya siku, mzigo ulikuwa ukuta wa zege uliomwagwa tayari, mzito, wa kupachikwa ghorofa ya pili. Shemeji alisimama chini na mafundi wawili waliokwisha kuufunga minyororo. Kipanga aliupandisha vizuri. Alipoanza kuuzungusha, moyo ukalipuka.

Safari hii haukumpa hata nafasi ya kuitafuta Filimbi. Masikio yalijaa mvumo, kioo cha mbele kikawa kama kinamsogelea. Aliachia mikono, na kreni ikashika mzigo pale pale hewani, ndivyo ilivyoundwa. Lakini ukuta ulikuwa unaning'inia juu ya watu watatu, na yeye aliona wazi kwamba akizimia ataangukia vishikio vya kuendeshea na kuuteremsha. Mmoja wa wale watu alikuwa na mke, na mke huyo alikuwa dada yake Kipanga, aliyembeba mgongoni akiwa mtoto.

"Shemeji, mbona umesimama?" redio ikauliza. "Zungusha."

Kipanga akaibonyeza redio. Ulimi ulikuwa mkavu.

"Shemeji, toa watu chini."

"Kuna nini?"

"Toa watu. Na wewe toka. Mimi si mzima."

Kisha akamwona Shemeji akiwasukuma wale mafundi mbali, kisha mwenyewe akirudi nyuma mpaka kwenye uzio, redio mdomoni.

"Hakuna mtu chini," Shemeji akasema, kwa sauti ile ile ya siku zote. "Nyuma yako pako wazi. Tutauweka pale penye mchanga. Rudisha kidogo. Kidogo tena. Hapo. Sasa shusha, hatuna haraka."

Kipanga alifuata sauti. Ukuta ukagusa mchanga, minyororo ikalegea, naye akazima mashine na kuinamia magoti yake.

Muda ukapita. Akasikia ngazi inalia, na mtu anahema kama ng'ombe. Alikuwa Shemeji, aliyeogopa urefu kiasi kwamba hata taa ya nyumbani kwake hubadilishwa na mkewe. Aliingia kibandani amefumba jicho moja, akakaa sakafuni, akakumbatia mguu wa kiti.

"Moyo unanipasuka," Shemeji akasema.

"Na vidole?"

"Vimekufa ganzi."

"Unaona kama pumzi haifiki?"

"Haifiki kabisa. Naona kama nitakufa hapa hapa."

Kipanga akamtazama kwa makini. "Basi ndiyo hiyo hiyo," akasema. "Ndiyo niliyonayo mimi."

"Mimi ni woga, shemeji. Wewe unaogopa nini huku? Huku ni kwako."

Shemeji, kwa kuogopa kutazama nje, alitazama sakafu, na pale aliona chupa ndogo tupu zimejaa kwenye kikopo, na chupa kubwa ya kahawa.

"Hii Filimbi unavuta mara ngapi kwa siku?"

"Sijui."

"Sigara ulikuwa unajua."

"Sigara ilikuwa inaisha," Kipanga akasema, na mara maneno yake mwenyewe yakamkaa. Alikumbuka stoo ya saruji, kile kipisi alichokuwa akikikanyaga, na namna alivyonyanyuka baada ya hapo kwenda kazini. Hii ya sasa haikuwa imeisha hata mara moja tangu aletewe.

"Daktari ulimwambia?"

"Nilimwambia nimeacha."

Shemeji akamwangalia kwa lile jicho lililo wazi. "Imekuanza lini?"

"Wiki ya pili tu baada ya kuacha."

Sauti ya Shemeji sasa haikuwa ya redioni.

"Kwa hiyo muda wote huu nilikuwa nasimama pale chini, na wewe ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

"Ningekufa, dada yako ungemwambia nini?"

Kipanga alilia hapo, bila kujificha, kwa aibu na kwa uchovu. Shemeji hakumbembeleza. Alikuwa na hasira, na ilikuwa haki yake.

Walishuka polepole, Kipanga akitangulia ili aielekeze miguu ya mwenzake ngazini. Chini msimamizi alikuwa anawasubiri, na mafundi wamezunguka.

"Nani amesimamisha kazi?"

"Mimi," Shemeji akawahi kusema. "Nilitoa ishara mbaya, nikachanganyikiwa."

Mtoa ishara anayechanganyikiwa hafanyi kazi hiyo tena, na kila mtu pale alilijua hilo. Shemeji alikuwa anatazama viatu vyake.

"Si kweli," Kipanga akasema. "Ishara ilikuwa sawa. Moyo umenienda mbio nikashindwa, na si mara ya kwanza. Nimeficha wiki nyingi." Akatoa ufunguo wa kreni akaunyoosha.

Msimamizi aliupokea, akaenda kumpigia simu dereva mwingine. Mafundi wakatawanyika.

"Kesho tunarudi kwa daktari," Shemeji akasema. "Na Filimbi tunakwenda nayo, aone kinachokukimbiza moyo." Akakaa juu ya rundo la mbao. Kipanga akakaa kando yake, akampigia mkewe.

"Mama watoto, nimeteremshwa kwenye mashine."

"Umefanya nini?"

"Naumwa. Moyo unakwenda mbio. Tangu nilipoacha sigara."

"Najua," mkewe akasema. "Usiku nakusikia unavyohema. Nilikuwa najifanya nimelala. Niliogopa nikikuuliza utarudi kwenye sigara, na mtoto ndio ameanza kulala vizuri."

Kipanga alibaki na simu sikioni. Shemeji akamsogezea maji.