Mwenyekiti na Katibu Waenda Sunuka

Mwenyekiti alihukumiwa siku ya Jumapili, baada ya misa, akiwa amelala. Katibu alihukumiwa pamoja naye, ingawa wakati huo alikuwa nyuma ya nyumba akimalizia kutafuna ushahidi.

Hao ni mbwa. Mwenyekiti ni dume zee la rangi ya majivu, mwenye desturi ya kukaa mbele ya watu na kusinzia. Katibu ni jike, mdogo, mwembamba, hapitwi na jambo. Wote ni wa Divine, ambaye nasoma naye kidato cha tatu katika shule moja ya bweni huku Kibondo, na vyeo vyao walipewa kwa kura ya wazi. Kosa lao lilikuwa mayai. Baba yake Divine, Mzee Niyonsaba wa Mabamba, anafuga kuku, na kwa muda mrefu aliamini kuku wake wamechoka kutaga. Jumapili ile akaingia bandani bila hodi, akamkuta Katibu ana ganda la yai puani.

Hukumu ilitolewa papo hapo: mbwa wote wawili wapelekwe Sunuka, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa dada yake mkubwa, Jeanne, anayeanika dagaa na kusumbuliwa na kunguru. Shangazi Jeanne alipigiwa simu akakubali, kwa sharti moja. Mbwa atakayegusa dagaa wake atarudi na boti ileile iliyomleta.

Divine hakulia. Alimtazama ng'ombe mwekundu aliyekuwa anajikuna kwenye ua na kuuangusha kidogo kidogo, kisha akasema, "Bihogo alikula maharage ya mama shamba zima, na hakuna aliyempakia kwenye gari."

Jambo hilo lina maelezo yake. Bihogo si ng'ombe wa Mzee. Ni wa Shangazi Jeanne, aliyemkabidhi mdogo wake amtunzie alipohamia ziwani. Na huku kwetu, kwa Waha na kwa Warundi, ng'ombe wa kukabidhiwa humuuzi, humgawi, na wala humlalamikii mbele za watu. Unakunywa maziwa yake, ndama mnagawana na mwenyewe, na ua ukianguka unausimamisha. Kwa hiyo Bihogo aliendelea kujikuna, na mbwa wakafungwa kamba shingoni.

Mimi, Stanislaus, ambaye shuleni nimewahi kutuhumiwa bila ushahidi wa kutosha kuhusu kengele ya chakula iliyolia katikati ya kipindi cha Hesabu, nilijitolea kuwasindikiza. Shamsi naye akajitolea. Shamsi ni rafiki yetu wa Kasulu, baba yake ana duka la vitenge pale mjini, na baba yake mdogo, Mzee Gharibu, ana boti Ujiji. Tulikuwa likizo ya Juni. Nilimweleza Divine kwamba sharti la shangazi yake lina tundu, na tundu hilo linapitisha mbwa wawili.

"Mbwa wasiogusa dagaa atawachukua," nilisema. "Sasa sisi tuwafundishe kuwagusa."

Divine akaenda kutafuta mfuko wa kubebea dagaa.

Mabasi yalitukataa kwa sababu za kibaguzi, tukapanda lori la maharage hadi Kasulu, tukalala nyumbani kwa kina Shamsi. Asubuhi nilimkuta Shamsi nyuma ya duka akijaza ndoo udongo mwekundu. Nikamuuliza kama anahamia. Akanieleza kwa utulivu kwamba baba yake mdogo amekubali kubeba mbwa kwa heshima ya jamaa, lakini yeye ni mtu wa dini, na mbwa akilamba chombo, chombo huoshwa mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Maji ziwani hayana shida. Udongo je, katikati ya ziwa atauchota wapi?

Nilimsifu kwa kujiandaa, kwa sababu hata mimi nilijiandaa. Nilikuwa na dumu la lita ishirini la maji ya kunywa, niliyoyachota kwenye chemchemi ya Mabamba na kuyabeba begani mpaka kwenye lori. Ziwa ni kama bahari, nilijua, na bahari ni chumvi. Katika Jiografia nilipata alama za juu, jambo ambalo walimu wangu wanaombwa walifikirie upya.

Mzee Gharibu alitupokea Ujiji kesho yake alfajiri. Ni mtu mwembamba, mwenye kofia ya kufumwa na bukta, anayesema kidogo kana kwamba maneno nayo yanatumia petroli. Tulimwamkia, akaitikia, akawaonyesha mbwa mahali pao mbele kabisa juu ya turubai. Kisha akalitazama dumu langu.

"Hayo ya nini, mjukuu wangu?"

"Ya kunywa, babu."

Akainama pembeni mwa boti, akachota ziwa kwa kikombe cha plastiki, akanywa chote, akajifuta ndevu. Akalitazama dumu, akalitazama ziwa, ambalo halikuwa na mwisho upande ule.

"Umefanya vizuri," akasema. "Humu yakipungua tutaongezea."

Shamsi alicheka mpaka akakalia ndoo yake.

Sasa naomba nikiri kwamba hakuna mtu aliyenieleza ukweli kuhusu safari ya boti. Sisi watu wa milimani tumezoea kwenda mahali kwa kupanda na kushuka, tukila vumbi. Kumbe kuna namna ya kwenda ambayo umekaa tu, na nchi inapitishwa mbele yako polepole kama bidhaa. Tulifuata ukingo wa ziwa kuelekea kusini. Vilima vilishuka mpaka majini vikiwa na michikichi mabegani. Mitumbwi iliyovua usiku ilikuwa ikirudi na taa zake zimezimwa, na wavuvi walipoona mbwa wawili wamesimama mbele ya boti kama wageni rasmi, walitupungia mikono. Mwenyekiti alizipokea salamu zote. Upepo uligeuza masikio yake ndani nje, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikuwa macho kwenye kikao.

Tulikula mihogo ya kuchemsha. Shamsi alitueleza majina ya vijiji, na alipokuwa hajui alibuni. Divine alivua viatu akaning'iniza miguu, na kwa kitambo tulisahau kabisa kwamba tulikuwa tunapeleka wafungwa.

Ni mimi niliyekumbuka. Nikafungua mfuko wa dagaa tulionunua Ujiji, nikatangaza kwamba somo la kwanza limeanza.

Katibu alinusa dagaa wa kwanza kwa mashaka, maana kwao nyama huwa na miguu. Akala. Akanitazama akadai ufafanuzi zaidi. Mwenyekiti alikula wake mmoja mmoja, kwa heshima, kama anayesaini nyaraka. Baada ya muda mfupi walikuwa wananifuata mkono unapokwenda, na Divine akacheka, mara ya kwanza tangu Jumapili. Kila walipolamba mbao, Shamsi aliinuka na ndoo yake, akaosha huku akihesabu kwa sauti, naye Mzee Gharibu huko nyuma kwenye injini akihakikisha haruki namba. Tulimsaidia kwa zamu. Sehemu ile ya mbele ya boti sasa ndiyo mbao safi kuliko zote mkoani.

Mzee Gharibu alitutazama tukilisha. Hatimaye akauliza kwa nini tunawashindilia, na Shamsi, asiyeweza kumdanganya mkubwa, akamweleza mpango wote. Mzee akafikiri. Akasema tu kwamba mbele yetu kuna mdomo wa Malagarasi.

Mto Malagarasi huanzia huko kwetu mpakani. Unapita Kibondo, unazunguka nchi nzima kama mtu aliyesahau alikokuwa anaenda, kisha unaingia ziwani ukiwa na rangi ya chai ya maziwa. Tulipofika hapo maji ya buluu yalikatika kama kwa kisu. Mzee Gharibu akanionyesha kwa kidole.

"Maji ya kwenu hayo," akasema. "Yamekuja yenyewe, hayakubebwa."

Sikupata muda wa kujibu. Mkondo wa mto ulikuwa unagombana na mawimbi ya upepo wa kusini, na boti ikaanza kupanda na kushuka, yaani kufanya yale yale ya nyumbani kwetu, ila bila kusimama. Mwenyekiti alikaa chini. Katibu aliweka kichwa kwenye paja la Divine, akatoa mlio mdogo, kisha akarudisha somo la kwanza. Mwenyekiti akarudisha la kwanza, la pili na la tatu. Sitaeleza zaidi. Nitasema tu kwamba udongo wa Kasulu uliisha, na kwamba Shamsi, akiwa amepiga magoti kwenye kona ya mwisho, alisema kwamba siku nyingine tufuge kobe.

Sunuka tuliingia alasiri, kweupe na shwari. Shangazi Jeanne alikuwa amesimama ufukweni, mkubwa, kitenge kimefungwa juu ya sweta, na nyuma yake dagaa walioanikwa waling'aa mchangani kama bati jipya. Alimkumbatia Divine, akatusalimu wote, akauliza habari za Bihogo kabla ya habari za mdogo wake. Kisha hakupoteza muda. Alichota konzi ya dagaa, akawamwaga mbele ya mbwa.

Nilikunja mikono nikisubiri ushindi.

Katibu alinusa. Akageuza uso. Mwenyekiti hakunusa hata kidogo; aliinuka, akawazunguka dagaa kwa mbali kama mtu anayekwepa anayemdai, akaenda kulala upande wa upepo ambako harufu haikufika. Shangazi akawasogezea tena. Katibu akajificha nyuma ya Divine.

"Sijawahi kuona mbwa wa namna hii," Shangazi akasema, na uso wake ulifunguka kwa furaha. "Niyonsaba amenipenda kweli."

Nilikunjua mikono. Nimefanya mizaha mingi katika maisha yangu mafupi, lakini huo ulikuwa wa kwanza kunizomea.

Kwa kukosa la kufanya nilimpa Shangazi dumu, nikasema ni zawadi. Akauliza ni nini. Nikasema maji ya chemchemi ya Mabamba. Shamsi akaangalia pembeni akiuma mdomo. Lakini Shangazi Jeanne hakucheka. Alijimiminia kikombe, akanywa polepole. Alikulia penye chemchemi ile. Kisha akaita watoto wa jirani waje kuonja.

Ndipo Divine alipozungumza. Hakuzunguka.

"Shangazi, wasikudanganye. Tumewalisha dagaa njia nzima ili uwakatae. Wametapika tu, ndiyo maana hawataki. Kesho watakula mpaka mchanga."

"Na kwa nini mnataka niwakatae?"

"Kwa sababu ni wangu," Divine akasema, akainama akamkumbatia Katibu.

Shangazi alimtazama, akawatazama mbwa, akamtazama Mzee Gharibu, ambaye alikuwa anapakua magunia na kujifanya hasikii. Akatoa simu kifuani. Alimsalimu mdogo wake kwa Kirundi, akamshukuru sana kwa zawadi. Akasema mbwa ni wazuri, amewapokea, tangu sasa ni wake. Upande wa pili Mzee Niyonsaba alisikika akifurahi.

"Sasa nisikilize, Niyonsaba. Huku sina mtu wa kuwatunza. Nakukabidhi wewe, kama Bihogo. Katibu akizaa, mtoto wa kwanza ni wangu, nitamlea hapa hapa kwenye dagaa. Wengine ni wako."

Halafu kwenye simu ikasikika sauti ndogo ikisema sawa, dada.

Tulilala Sunuka, tukarudi asubuhi ziwa likiwa limelala. Shamsi alijaza ndoo mchanga, Mzee Gharibu akaumwaga akasema mchanga ni mchanga na udongo ni udongo, akaenda mwenyewe kumtafutia udongo. Mimi nilikunywa ziwa kwa kikombe, mbele ya mashahidi. Mbwa hawakupewa kitu mpaka tulipofika Ujiji.

Mabamba, Mzee Niyonsaba alitupokea uani. Aliwatazama mbwa kwa yale macho anayomtazamia Bihogo akiwa ameangusha ua, akaenda kununua kufuli la banda. Mwenyekiti hulala mbele ya mlango ule kila siku. Mgeni akipita humsifu Mzee kwamba ana mlinzi hodari wa kuku, naye hujibu, kwa uzito wote, kwamba mbwa si wake.